Roho yako leo iko wapi? Mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi na watoto na vijana huku Nyanda za Juu Kusini

Mimi nina kikundi cha watoto na vijana Uyole, Mbeya, tunakutana kila Jumamosi, sasa ni mwaka wa tisa. Watu wanaotaka kuanzisha cha kwao huwa hawaniulizi hela natoa wapi wala uji napikia nini, wanauliza hili: hivi mambo ya kiroho unayaingizaje wakati una Wamoraviani, Wakatoliki, walokole, Waislamu, na wale ambao nyumbani kwao hakuna anayesali wala anayeswali? Basi leo nimekaa na chai yangu, nje ukungu umefunga hata nyumba ya jirani siioni, naandika yote kama ninavyofanya, ukiona hatua haikufai iruke tu.

Kwanza tuelewane neno lenyewe

Huku kwetu ukitamka "kiroho" mtu anawaza mkesha, mafuta na spika kubwa. Sawa, nayo imo, ila hilo neno roho tunalitumia kutwa nzima bila hata kulifikiria. Roho inaniuma. Roho iko juu. Roho mkononi. Ana roho mbaya yule. Roho imetulia, roho kwatu. Mtoto wa miaka mitano anayajua haya yote kabla hajafundishwa sala hata moja, na hiyo ndo roho ninayoiongelea hapa, ile sehemu ya mtoto inayouliza mimi ni wa nani, nani ananipenda kweli, bibi alivyokufa ameenda wapi, na kwa nini nikiangalia mlima asubuhi nasikia kitu kifuani.

Miaka ya 1990 kule Uingereza watafiti wawili, David Hay na Rebecca Nye, walikaa chini wakaongea na watoto wa shule za msingi, wengi wala hawakuwa wa familia za kanisani, wakakuta kila mtoto ana upande wa kiroho hata kama hana maneno ya dini ya kuusemea. Wakaueleza kwa uhusiano: mtoto na nafsi yake, na wenzake, na dunia inayomzunguka, na Mungu. Nilipokutana na hiyo nikacheka, maana bibi yangu wa Rungwe angeielewa bila kufungua kitabu.

Kwa hiyo unavyokwenda kwa watoto ujue roho utaikuta imeshafika. Wewe kazi yako ni kuipa nafasi na kuisikiliza, na zaidi ya yote kutoiharibu. Na kama kuna afisa anakuambia mambo ya kiroho yaacheni makanisani na misikitini, mwambie Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, ibara ya 27 inataja ukuaji wa mtoto kimwili, kiakili, kiroho, kimaadili na kijamii. Kiroho imeandikwa pale pale katikati.

Hatua ya 1: jikague wewe kabla ya mtoto

Hii watu wanairuka na ndo inayoharibu kila kitu, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na dogo wa miaka minane, baba yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na mtaa mzima unajua mzee alikuwa mtu wa komoni kutwa. Mimi bila kuwaza nikawapigia watoto stori ya motoni, nikaipamba kweli kweli, walevi wanavyoungua na nini na nini, watoto macho yamewatoka nikajiona mwalimu hodari. Yule dogo hakuja Jumamosi tatu. Ya nne akaja mama yake, akanisalimia vizuri tu, akasema mwalimu, mwanangu usiku halali, anasema baba anaungua na hakuna wa kumpa maji.

Nilikosa pa kuweka uso.

Tangu siku hiyo kila anayetaka kujitolea kwangu nampa daftari, kabla hajakutana na mtoto yeyote aandike: naamini nini, nini sina uhakika nacho, na ni kitu gani cha dini au cha mila kilinitisha nikiwa mdogo. Hilo la mwisho ndo dhahabu, kwa sababu kile kilichokutisha wewe utakirithisha bila kujua. Sihitaji kuisoma hiyo daftari, ni yake. Halafu tafuta mtu mzima wa kuongea naye walau mara moja kwa mwezi, mchungaji, shehe, katekista, mama yako mkubwa, yeyote mwenye masikio na asiyepeleka maneno, maana utasikia mengi humu na ukiyabeba peke yako utaanza kuwakaripia watoto bure.

Hatua ya 2: wazazi na mtaa

Nenda nyumbani kwao, usitume ujumbe kwa simu. Ukiwa Rungwe anza na ugonile, ukiwa Iringa kamwene, kaa, kunywa ulichopewa, uliza mashamba, ndo useme kilichokuleta. Waambie mambo matatu bila kuzunguka: mtoto wenu hatabadilishwa dini, mtoto wenu ataulizwa maswali na ataruhusiwa kuuliza, na mnaruhusiwa kuja kukaa nyuma siku yoyote bila taarifa. Mzazi akishasikia hilo la tatu mabega yanashuka, na wengi hawaji hata siku moja, wametosheka kujua mlango uko wazi.

La kubadilisha dini nalisema kwa ukali kidogo. Kumvuta mtoto wa mwenzio kwenye dini yako kupitia uji na mpira ni wizi, hata kama unaamini kabisa unamwokoa. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na ule mkataba wa watoto ibara ya 14 inautaja uhuru wa mtoto na nafasi ya wazazi kumwongoza kadiri anavyokua. Kama kanisa lako linataka kuinjilisha, liinjilishe mchana kweupe na bango, watu wajue wanaingia wapi.

Baada ya hapo peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, ubaki na nakala yenye muhuri. Basi.

Hatua ya 3: mahali

Huku Juni na Julai baridi haina utani, mtoto anayetetemeka hatafakari chochote anawaza sweta tu, kwa hiyo kabla ya yote tafuta pa kuzuia upepo na uwe na kitu cha moto kwenye sufuria. Sisi tuna uji wa ulezi, msimu wa viazi tunachemsha viazi. Kaeni duara, kwenye mikeka, na wewe ukae chini pamoja nao, ukibaki kwenye kiti umeshakuwa mwalimu wa zamu.

Watu wazima wawili kila mara, mlango wazi. Hakuna mtu, hata awe mtumishi mkubwa kiasi gani, anayemchukua mtoto pembeni peke yake "kumwombea". Hii sheria siipindishi kwa yeyote, na nimeshapoteza mfadhili mmoja kwa ajili yake, aende tu.

Hatua ya 4: kipindi chenyewe

Chetu ni saa moja na nusu hivi. Mpangilio umebadilika sana huko nyuma, huu ndo umedumu.

Wanafika, wanacheza kama robo saa, kelele ruksa. Ukianza na utulivu moja kwa moja utapigana nao mpaka mwisho. Wakishachoka kidogo tunakaa duara, na hapo kuna kimya. Kimya cha kweli, sekunde thelathini kwa kuanzia, baada ya miezi mnafika dakika mbili. Siwaambii wafumbe macho, kuna watoto ambao kufumba macho mbele ya watu wazima kunawatisha na wana sababu zao. Nawaambia tu sikiliza kitu kilicho mbali kuliko vyote unachoweza kusikia. Mmoja atasema lori linapanda, mwingine jogoo, mwingine treni ya TAZARA, na mara moja moja yupo anayesema nimesikia moyo wangu. Anayetaka kukitumia kile kimya kusali kimoyomoyo, anasali, Mwislamu na Mkristo na asiye na neno wote wamekaa mkeka mmoja na hakuna aliyeongozwa sala ya mwenzie.

Halafu linakuja jiwe. Ni jiwe la kawaida la mtoni, linajaa kiganjani, anayelishika ndo anaongea wengine wanasikiliza, na swali ni moja wiki zote: roho yako leo iko wapi? Wanajibu kwa Kiswahili chao. Iko juu, kuna mtihani. Inaniuma, mbwa wetu kagongwa na bajaji. Imetulia. Iko mkononi, baba amerudi. Hapo kwenye "baba amerudi" usiruke ukaanza kuhoji mbele ya wenzake, sema asante, jiwe liende, utamtafuta baadaye palipo wazi lakini pasipo na masikio. Na asiyetaka kusema anapitisha jiwe. Nilikuwa na mtoto alipitisha jiwe karibu mwaka mzima, siku aliyosema alisema neno moja tu, "nzuri", na watoto wenyewe wakapiga makofi, mimi sikuwaambia.

Ikifika zamu yako ujibu kweli, kwa kipimo cha mtoto. Ukisema kila wiki roho yangu iko sawa wanajua unadanganya.

Kisha stori, dakika kumi isizidi. Sungura na Fisi, visa vya manabii ambavyo viko kwa Wakristo na kwa Waislamu pia, Yusufu na kaka zake, Yunus au Yona tumboni mwa samaki, Nuhu, au kisa cha huku huku ulichosimuliwa na bibi. Ukimaliza FUNGA MDOMO. Usiseme "kwa hiyo watoto tunajifunza nini?" maana ukiuliza hivyo wote wanajibu "kutii wazazi" hata kama stori ilikuwa ya samaki. Uliza: ungekuwa wewe ni nani humo ndani? Ni wapi ilikukera? Binti mmoja wa miaka tisa aliniambia kwenye kisa cha Yusufu anayemwonea huruma ni yule baba, kwa sababu alimpenda mtoto mmoja waziwazi halafu akashangaa nyumba kuvunjika. Nilibaki kimya siku nzima.

Mwisho mikono. Kuchora, udongo, kumenya viazi, kumwagilia miche ya parachichi tuliyootesha kwenye viroba. Mambo makubwa watoto wanayasema wakati mikono ina kazi na macho hayaangaliani, kwa hiyo kaa karibu, menya na wewe, sikiliza.

Hatua ya 5: umri

Wadogo, minne hadi saba, wanachanganya ndoto na kweli, picha uliyompa inakaa humo, ndo maana ile stori yangu ya motoni ilikuwa kosa la kijinga. Wape vitu vya kushika na nyimbo zinazorudia rudia. Nane hadi kumi na mbili wanataka haki, nani alianza, kwa nini Mungu hakumwadhibu, wanapenda kanuni na wanakukamata ukivunja ya kwako. Kuanzia kumi na tatu hivi kinachowashika ni kundi, anaamini wanachoamini rafiki zake, na hapo hapo anaanza kutilia shaka kila kitu cha nyumbani. Wazazi wengi wanaona shaka ni uasi. Mimi nikisikia kijana anasema sijui kama Mungu yupo najua angalau anamuwaza, yule anayejibu amina kwa kila kitu ndo simjui yuko wapi.

Hatua ya 6: kifo, ugonjwa na dawa

Hapa sikia vizuri, maana huku kwetu hili halikwepeki. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea uliikuta Njombe ikiwa juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Kwa hiyo kwenye duara lako wapo yatima, wapo wanaouguza, na wapo wanaomeza dawa wao wenyewe, iwe unajua au hujui.

Mtoto akiuliza mama ameenda wapi, kwanza muulize wewe unadhani yuko wapi, mara nyingi anayo picha tayari na anataka tu kujua kama anaruhusiwa kuwa nayo. Halafu kweli ya mwili isemwe wazi: amekufa, mwili umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala maumivu. Usiseme amelala au amesafiri, kuna mtoto alikuwa anakataa kulala kwa sababu hiyo, na kuna mwingine alikuwa akienda stendi kusubiri basi. Baada ya hapo ya imani unasema kwa jina la nyumba yao: kwenu mnaamini hivi, bibi yako atakueleza zaidi. Na usimwambie "Mungu alimpenda zaidi". Mtoto anasikia Mungu ni mtu anayechukua mama za watu.

Nafanya kitu kingine kidogo, mwezi wa kumi na moja tunawasha mishumaa, kila mwenye mtu wake anataja jina, au anawasha bila kutaja. Wale wa Kiislamu niliongea na wazazi kwanza, wengine wakasema mtoto wetu apande mche badala ya mshumaa, tukapanda, na ile miche imeshakuwa mirefu kuliko mimi.

Sasa dawa. Nilikuwa na binti wa miaka 14 akaanza kukonda, kikohozi, darasani analala. Kumbe alikuwa ameambiwa mahali fulani ameshapona, aonyeshe imani kwa kutupa vidonge, na yeye akatii kwa moyo wote kwa sababu alitaka kupona na alimpenda Mungu. Tulimrudisha CTC, kliniki wanakotoa dawa za VVU, akiwa na shangazi yake, ilichukua muda lakini akarudi kwenye mstari. Nilichomwambia ndicho nawaambia wote mpaka leo, dua na dawa ni mikono miwili ya mtu mmoja, hakuna anayekata mmoja kumwonyesha Mungu anamwamini. Hali ya mtoto usiitangaze wewe, usimwambie hata yeye mwenyewe kama hajaambiwa, hiyo ni kazi ya mlezi wake na kliniki.

Hatua ya 7: uchawi na hofu

Ukijifanya uchawi haupo kwenye vichwa vya watoto utakuwa unaongea peke yako. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na woga ule ulifika mpaka huku, madogo walikuwa hawataki kwenda shule peke yao. Mtoto akisema anaogopa usimcheke na usimthibitishie. Uliza umesikia nini, kwa nani, unapita wapi unapoogopa zaidi. Mpe kitu cha kufanya: mnatembea watatu, njia ya barabarani, mtu akisema ana pipi usimfuate. Woga ukipata kazi ya mikono na miguu unapungua.

Marufuku kwenye duara kumtaja jirani kuwa mchawi. Yule bibi macho mekundu ni moshi wa kuni miaka sitini, nendeni mkamchotee maji. Na marufuku kumwita mtoto ana pepo. Anayeanguka na kutoa povu inaweza kuwa kifafa na hospitali kuna dawa, anayekojoa kitandani akiwa na miaka kumi na moja anaweza kuwa na kitu kimempata nyumbani, muangalie kwa huruma na ufuatilie.

Hatua ya 8: vijana wakubwa watoe nje

Kijana wa miaka 16 ukimweka kwenye mkeka kila wiki atakimbia. Zamani kwa Wanyakyusa wavulana wakifika kumi, kumi na moja, walianza kulala kwenye vibanda vyao wenyewe na wa rika lao, mchana wanazunguka kula kwa mama zao kwa pamoja, na kuna neno ukwangala, ule utamu wa kukaa na wenzio mkaongea mkaelewana. Wazee waliona kijana anakomaa katikati ya rika. Siwaambii mrudishe vibanda, nasema wape safari, kazi na maongezi marefu.

Sisi tunapanda mlima Loleza alfajiri, nusu ya kwanza kupiga stori, nusu ya pili hakuna kuongea mpaka juu. Simu zinabaki kwenye mfuko mmoja naubeba mimi, wanalalamika kama nimewanyonga. Ukiwa Iringa una Gangilonga, jiwe lenye jina la jiwe linaloongea, inasemekana Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari, mnakaa juu mnauangalia mji chini na kila mmoja anaandika barua kwa mtu anayemdai msamaha, si lazima aitume. Kiwira kuna Daraja la Mungu, mwamba umevuka mto wenyewe, hapo nawaachia swali moja: nani alilijenga? Mmoja atasema Mungu, mwingine atasema volkano, lava, nilisoma jiografia. Waache wabishane. Mara ya mwisho walibishana mpaka tukakosa daladala ya saa kumi.

Na kazi: kumpalilia mjane, kumpakia mzee kuni. Swali baadaye ni lile lile la roho iko wapi. Pia watume kwa bibi zao waulize Mungu anaitwaje kwa kilugha, wanarudi na Kyala, wanarudi na Nguluvi, na stori ndefu ambazo wazazi wao hawakuwahi kuziuliza.

Hatua ya 9: unaposikia jambo zito

Ukiwasikiliza watoto kweli, siku moja atakuambia mtu anamshika au anampiga vibaya. Usimwahidi siri. Mwambie umefanya vizuri kusema, si kosa lako, nitamwambia mtu anayeweza kusaidia. Andika maneno yake kama alivyosema, siku hiyo hiyo. Piga 116, simu ya watoto, bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa ustawi wa jamii. Kuna shinikizo la kuyamaliza kifamilia au kwa maombi, hasa mhusika akiwa mtu wa dini anayeheshimika. Usikubali. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina ukurasa wa waheshimiwa.

Utajuaje kama inafanya kazi

Usihesabu waliookoka wala waliohifadhi sura ngapi. Mimi nina daftari, kila Jumamosi usiku naandika mistari mitatu: nani aliuliza swali jipya, nani alimsaidia mwenzie bila kuambiwa, kimya kilidumu kiasi gani. Ukisoma ya miezi sita kwa pamoja unaona mambo ambayo kwa wiki moja huyaoni.

Mwezi uliopita nilichelewa, mvua ilinikuta Igawilo nikasubiri chini ya kibanda cha mama wa ndizi karibu saa nzima. Nafika nimelowa, nakuta wameshamaliza kucheza, wamekaa duara, kimya, na binti wa miaka 12 ameshika jiwe. Akanyoosha mkono kunionyesha nafasi, akasema mwalimu kaa, zamu yako ni ya mwisho. Nikakaa.